Ukihamia Mji Mpya: Namna ya Kujiunga na Usharika na Kutobaki Mgeni Kanisani

Katika ibada za Kilutheri hapa Tanzania kuna sentensi ambayo mzee wa zamu huisoma karibu kila Jumapili anapoanza matangazo: "Hakuna wageni waliotufikia na cheti," yaani barua ya utambulisho kutoka kanisa walikotoka. Baada ya hapo huwaomba wanaoshiriki kwa mara ya kwanza wasimame ili wakaribishwe. Husimama watu wanne, watano, siku nyingine kumi. Hupigiwa makofi, huketi, na ibada huendelea. Katika miaka niliyotumika kama mzee wa kanisa jijini Dar es Salaam nimeisoma sentensi hiyo mara nisizoweza kuzihesabu, na haijaacha kunihuzunisha, kwa sababu najua kwamba wengi wa wale waliosimama walibatizwa na kupata kipaimara, na baadhi yao walikuwa waimbaji au walimu wa Shule ya Jumapili kule walikotoka, Machame, Bukoba, Iringa au Singida, lakini wameingia mjini bila mtu wa kuwakabidhi kwa mtu mwingine. Wapo watakaokuja mwaka mzima na kukaa benchi lilelile la nyuma, na siku watakapougua hakuna atakayejua wamelala wapi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Nimefuata utaratibu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, kwa kuwa ndio ninaoufahamu kwa mikono yangu; msomaji Mkatoliki atasoma parokia na kigango mahali nilipoandika usharika na mtaa, na paroko mahali nilipoandika mchungaji, na Mwanglikana na Mmoravian watafanya marekebisho yao madogo. Njia yenyewe haitofautiani sana.

Jua kwanza unatafuta nini

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 2 mstari wa 42, kinasema kwamba waamini wa kwanza pale Yerusalemu walidumu katika mambo manne: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Kusali mtu anaweza kusali chumbani mwake akiwa amefunga mlango, na Bwana mwenyewe alifundisha hivyo. Mambo mengine matatu hayawezekani bila watu wengine, na si watu wowote tu, bali watu walewale wanaokutana tena na tena mpaka wakajuana. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, katika ibara yake ya 7, linalieleza kanisa kwa ufupi unaomsaidia hata mtu anayetafuta mahali pa kusali leo: ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Ungamo hilo linaongeza kwamba si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali, jambo la kukumbukwa na mtu aliyezoea tenzi za kijijini kwao anapokuta ngoma, kinanda na vipaza sauti.

Liko andiko jingine ambalo huwasomea wageni wanaoniuliza kama kuna haja ya kujiandikisha, ilhali wanasikiliza mahubiri mazuri kila siku kwenye simu. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Agizo hilo halitekelezeki kwa Mkristo asiye na wazee. Vivyo hivyo, Waraka kwa Waebrania 13:17 unawataja viongozi wanaokesha kwa ajili ya roho za watu kama watu watakaotoa hesabu; basi jiulize ni mchungaji gani ambaye leo hii anajihesabu kuwa atatoa hesabu kwa ajili yako. Mhubiri wa redioni au wa kwenye intaneti anaweza kukufundisha vema, nami nawasikiliza baadhi yao kwa faida, lakini hajui jina lako, wala hawezi kukuwekea mikono unapolala Muhimbili.

Kuchagua usharika

Hapa usikawie. Chagua usharika ulio karibu na unapoishi, kwa sababu maisha ya kanisa hayaishii Jumapili: ipo ibada ya jumuiya, yaani kikundi cha nyumba za jirani, yapo mazoezi ya kwaya, ipo misiba na ziara za wagonjwa, na mtu anayesali Kariakoo huku anaishi Mbagala atajikuta anahudhuria Jumapili tu, tena zile zisizo na mvua. Hudhuria Jumapili tatu au nne, ukijaribu ibada ya kwanza ya alfajiri na ibada ya pili, kwa kuwa mara nyingi ni makusanyiko mawili yenye watu tofauti. Sikiliza kama mahubiri yanalifungua Neno lililosomwa siku hiyo au yanalitumia kama ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Angalia kama Meza ya Bwana inaandaliwa kwa utaratibu na kama watoto wana mahali pao. Sikiliza pia matangazo, maana usharika unaosoma mapato ya Jumapili iliyopita mbele ya watu wote unakuonyesha jinsi unavyotunza amana.

Usichague kwa sababu ya kwaya peke yake, na usichague kwa sababu wengi wa pale ni watu wa kwenu. Mahali ambapo sala inauzwa, au unapoambiwa kwamba baraka itakuja baada ya kununua mafuta au maji, ondoka siku hiyohiyo.

Cheti: mtu anayekabidhiwa

Cheti ni barua. Ni karatasi moja yenye mhuri, ambayo mchungaji wa ulikotoka anamwandikia mchungaji wa unakokwenda ili kumwambia kwamba huyu ni wetu, na sasa tunamkabidhi kwenu. Watu wengi huidhani kuwa jambo la ofisi lililobuniwa na wamisionari, lakini ni desturi ya zamani kuliko Injili nyingi tulizo nazo zilivyoandikwa. Mtume Paulo, katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, anamkabidhi kwao Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, akiwaomba wampokee katika Bwana na kumsaidia katika lolote atakalohitaji. Apollo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimtangulizia barua ili wanafunzi wa huko wampokee, kama inavyosomeka katika Matendo 18:27. Fibi alikuwa mwanamke anayesafiri kwenda mji mkubwa kuliko yote ya wakati ule, na Apollo alikuwa mwalimu hodari aliyejua Maandiko. Hakuna kati yao aliyeonekana mkubwa mno kiasi cha kutohitaji kukabidhiwa.

Kwa hapa kwetu barua hiyo ina nguvu ya pekee kwa sababu ya jambo lililotokea tarehe 19 Juni 1963, makanisa 7 ya Kilutheri yaliyokuwa yamekua mbalimbali chini ya misioni tofauti yalipoungana kuwa KKKT. Cheti kilichoandikwa Kagera kinapokewa Mbeya bila maswali mengi, na Mhaya na Mnyakyusa wanahesabiwa watu wa nyumba moja.

Ukiwa bado hujasafiri, mwone mzee wa kanisa wa mtaa wako, naye atakupeleka kwa mwinjilisti au mchungaji. Ukiwa umekwisha kuhama, piga simu nyumbani umwombe mzazi, kaka au rafiki akufuatilie, na umtajie jina kamili ulilobatizwa nalo, kwani wapo waliobatizwa kwa jina moja na kusajiliwa shuleni kwa jingine, na jambo hilo huwapotezea watu miezi. Kwa kawaida cheti hutaja ubatizo wako, kipaimara chako, hali yako ya ndoa, watoto ulio nao, na kama unashiriki Meza ya Bwana. Pamoja nacho, tafuta vyeti vya ubatizo vya watoto, maana utavihitaji watakapofikia umri wa kipaimara.

Inawezekana kumbukumbu zako zimepotea, ama usharika wako wa zamani hauna daftari la miaka ile, ama umeondoka muda mrefu na waliokujua wametangulia mbele za haki. Usijifungie nyumbani kwa sababu hiyo. Nenda kwa mchungaji wa hapa ulipo, mweleze ulibatizwa wapi na lini kwa kadiri unavyokumbuka, umtajie wasimamizi wako wa ubatizo kama yupo aliye hai, naye ataangalia namna ya kukupokea. Nimeona mama mmoja wa makamo akipokelewa kwa ushahidi wa msimamizi wake, mzee ambaye alipigiwa simu akiwa shambani na akaeleza mpaka wimbo ulioimbwa siku ile.

Ipo sababu nyingine inayowafanya watu waingie mjini kimyakimya, nayo ni ngumu kuisema. Mtu aliacha nyuma jambo: anaishi na mwenza bila kufunga ndoa, au aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa na hakurudishwa kundini, au alikosana na viongozi wa kwao. Anahofia kwamba cheti kitasema. Kwa mtu huyo ushauri wangu ni kwenda kwa mchungaji siku ya kazi, si Jumapili watu wakiwa wengi, na kumweleza lote kwa mdomo wake mwenyewe kabla karatasi haijasema. Ndoa nyingi zimebarikiwa kwa njia hiyo baada ya miaka 10 au 20 ya kuishi pamoja, huku watoto wakiwa wamekaa mbele na nguo zao nzuri. Kurudi kundini ni ibada, wala si kesi.

Cheti kikifika, kipeleke ofisi ya usharika katikati ya juma, au mkabidhi mzee wa zamu kabla ya ibada kuanza. Jumapili hiyo utasomwa kwa jina na mahali unapotoka. Simama, hata kama una haya, kwa sababu watu wanahitaji kuuona uso unaolingana na jina. Baada ya ibada utaandikishwa katika daftari la washarika, utapewa namba ya bahasha ya sadaka, na utaulizwa unaishi wapi ili upangiwe jumuiya. Kama hukuulizwa, uliza wewe.

Jumuiya

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa kuwa ndipo watu wanapopotea. Usharika wa mjini unaweza kuwa na watu elfu kadhaa, na hakuna mchungaji awezaye kuwajua wote; jumuiya ina nyumba 15, 20, au 30 za mtaa mmoja, na huko haiwezekani kujificha kwa muda mrefu. Kwa Wakatoliki jambo hili lilipewa uzito mkubwa na maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1976 na kuziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kwa Walutheri mzizi ni wa zamani zaidi: Luther, katika makala alizoandaa kwa ajili ya mkutano wa Smalkalden wa mwaka 1537, aliorodhesha njia ambazo Injili humfikia mwenye dhambi, na baada ya mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na mamlaka ya funguo, yaani ya kutangaza msamaha wa dhambi, akayataja mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Na sisi wa ukanda huu tulipata urithi mwingine kutoka kwenye uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika mpaka Buhaya, ambao watu wake walikutana kila juma katika vikundi vidogo, wakatubu kwa kutaja mambo yao waziwazi. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Ibada ya jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba. Katika maeneo mengi ya Dar es Salaam hufanyika Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika. Kwingine ni jioni moja katikati ya juma. Huimbwa wimbo, husomwa somo lililopangwa na usharika, mtu mmoja huongoza mazungumzo, sadaka hutolewa, na mwishoni katibu husoma habari: nani amelazwa, nani amejifungua, nani hajaonekana wiki tatu. Hiyo habari ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hutoka watu wawili wakaenda kubisha hodi.

Niliwahi kuishi bila hiyo. Nilipofika mjini nikiwa kijana, nilihudhuria ibada kila Jumapili kwa karibu miaka mitatu bila kutafuta jumuiya, nikijiambia kwamba kazi yangu haina nafasi. Mdogo wangu niliyekuwa nikiishi naye akafariki ghafla. Usiku ule nilikaa na majirani wawili, mmoja wao Mwislamu ambaye ndiye aliyenunua kahawa na kukodi turubai, na asubuhi nilipokwenda ofisi ya usharika kuomba mchungaji, karani aliniuliza kwa upole, "Ndugu, jumuiya yako ni ipi?" Sikuwa na jibu. Mchungaji alikuja, naye alituombea vizuri, lakini alilazimika kuniuliza jina la marehemu mara mbili. Kule kijijini ukoo ungekuwa umekwisha kuchimba kaburi. Mjini ukoo hauko, na kazi iliyokuwa ya ukoo, ya kulia nawe, kupika, kulala mkekani na kukuhesabia michango, hufanywa na watu wa jumuiya au haifanywi na mtu.

Basi siku ya kwanza, mwombe mzee wa kanisa wa eneo lako akusindikize, au mwenyekiti wa jumuiya aje akuchukue. Jitambulishe kwa jina, unakotoka, kazi yako na watu unaoishi nao, na useme wazi kama kuna jambo unaloliombea. Utaingizwa katika kundi la simu la jumuiya. Lisome, lakini usilifanye kuwa mahali pako pa kushiriki, kwa kuwa kuandika "pole" kwa simu na kufika msibani ni mambo mawili yasiyofanana. Msiba wa kwanza utakaotokea, nenda hata kama humjui marehemu. Huhitaji kusema lolote. Panga viti, chota maji, osha vyombo. Ukiondoka pale jioni watu watakuwa wamekwisha kulijua jina lako.

Zamu ya kupokea ibada nyumbani kwako itafika, na najua hofu inayokuja nayo, hasa kwa mpangaji wa chumba kimoja. Zungumza na mwenye nyumba mapema, azima mikeka na viti kwa jirani wa jumuiya, na kama hapatoshi, ibada itafanyika uani. Wala hudaiwi chakula. Niseme wazi kwamba sipendezwi na mtindo ulioingia katika jumuiya nyingi wa kuandaa supu, chapati na soda, kwa maana mwenye uwezo akiandaa hivyo juma hili, mjane anayefuata ataomba zamu yake irukwe, na mwishowe ataacha kuja. Jumuiya yetu tulikubaliana maji ya kunywa tu, na tangu hapo hakuna nyumba iliyorukwa. Kama umejiunga na jumuiya yenye mtindo huo, lipeleke jambo hili kwa mwenyekiti kwa upole, naye huenda amekuwa akisubiri mtu wa kulisema.

Shika kazi moja

Ukishakaa miezi michache, omba kazi. Kazi moja, na iwe ndogo: kufagia kanisa Jumamosi, kusaidia Shule ya Jumapili, kuimba, kupokea watu mlangoni, kutembelea wagonjwa pamoja na kikundi cha diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji. Usikubali uongozi katika mwaka wa kwanza, hata ukiombwa kwa sababu ya elimu yako, kwa kuwa hujajua bado ni nani aliumizwa na nini katika usharika huo. Paulo anapoulinganisha mwili na kanisa katika 1 Wakorintho 12, anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajika zaidi. Anayefagia ataligundua hilo kabla ya anayehutubia.

Kama una watoto, waandikishe Shule ya Jumapili mara moja, na uulize mafundisho ya kipaimara yanaanza lini, kwa kuwa kwa kawaida huchukua miaka 2 na mtoto asiyeandikishwa mwanzoni mwa mwaka husubiri mwaka unaofuata. Kila mwaka nawaona wazazi wakibishana na mwalimu wa kipaimara mwezi wa nne au wa tano, na kosa si la mwalimu wala la mtoto.

Bahasha

Bahasha ya ahadi huwatatiza wageni wengi, wakidhani ni ada ya uanachama. Ni ahadi ambayo mtu huiweka mwenyewe mwanzoni mwa mwaka mbele za Mungu na kuitimiza kidogo kidogo, kwa mfano ule wa 1 Wakorintho 16:2, ambapo kila mtu aliambiwa aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Fedha hiyo, pamoja na sadaka nyingine, ndiyo inayolipa watumishi, inayopelekwa dayosisi kwa kazi za pamoja, na inayowafikia wahitaji kupitia diakonia. Ahidi kiasi ambacho hakitakufanya umkimbie mzee wa kanisa. Shilingi elfu mbili kila juma kwa mwaka mzima zinaujenga usharika kuliko laki moja ya kishindo inayofuatwa na ukimya, kwa kuwa baraza la wazee linaweza kupanga kazi kwa fedha inayokuja kwa utaratibu.

Asiye na fedha alete alicho nacho. Mkungu wa ndizi, mayai au kuku hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, na mnada huo una furaha ambayo bahasha haina. Na ukipoteza kazi katikati ya mwaka, mwambie mzee wako, ahadi itapunguzwa au itaachwa. Nimeona watu wakikaa nyumbani miezi kwa kuona haya ya bahasha tupu, wakalikosa Neno na Meza kwa sababu ya deni ambalo hakuna aliyekuwa akiwadai. Una haki pia ya kuuliza. Mkutano mkuu wa usharika husoma mapato na matumizi, nao ndio mahali pa maswali, si kibarazani baada ya ibada.

Neno fupi kuhusu ndoa, kwa kuwa vijana hufika ofisini wakiwa wamekwisha kulipia ukumbi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisa hutangaza Jumapili tatu. Kwa hiyo, ukiongeza mafundisho ya wachumba na muda wa kupata barua kutoka usharika wa mwenzako, anza miezi mitatu au minne mapema.

Utakapokwazwa

Utakwazwa. Mwenyekiti atasahau kutangaza msiba wako, mwimbaji mwenzako atakusengenya, mzee wa kanisa atakujibu vibaya siku ambayo naye amechoka. Wengi wakifika hapo huhamia usharika wa pili, na baada ya miaka miwili wa tatu, na kila mahali huanza tena kuwa wageni. Bwana ametupa utaratibu katika Mathayo 18:15-17: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asipowasikia hao, liambie kanisa. Hatua ya kwanza ndiyo tunayoiruka karibu kila mara, tukaanzia kwa watu ambao jambo haliwahusu. Nenda nyumbani kwake, si kwa simu, na useme neno lililokuumiza jinsi lilivyosemwa, bila kuongeza ya zamani.

Utaratibu huo haukuwekwa ili kuficha uovu. Mtoto akidhalilishwa, mtu akipigwa au fedha zikiibwa, hata kama mtendaji ni mtumishi wa kanisa, pelekeni habari polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto pale linapohusika, siku hiyohiyo; wazee wa kanisa wanaosema "tulimalize ndani" katika jambo la namna hiyo wanakosea, na mimi mzee mwenzao nalisema hilo bila kusita.

Wanaofanya kazi Jumapili

Muuguzi, mlinzi, dereva wa basi na mpishi wa hoteli wasijihesabu kuwa nje. Mweleze mzee wako zamu zako zilivyo, uhudhurie ibada ya alfajiri au ya katikati ya juma pale inapokuwepo, na ushikilie jumuiya kwa nguvu zaidi kuliko wengine. Ukikaa muda mrefu bila Meza ya Bwana, mwambie mchungaji. Wagonjwa na wazee huletewa nyumbani, na mtu aliyefungwa na zamu ya kazi atatafutiwa siku.

Ukihama tena

Kazi zikikupeleka kwingine, usitoweke. Pita ofisini angalau wiki mbili kabla ya safari uombe cheti, rudisha sare ya kwaya na funguo za stoo kama unazo, mkabidhi mtu mwingine watoto uliokuwa ukiwafundisha, na uwaage watu wa jumuiya katika ibada ya mwisho ili wakuombee kwa jina la mji unakokwenda. Kiweke cheti kwenye begi la mkononi, pamoja na namba ya simu ya mzee wa kanisa wa huko, ambayo mchungaji wako anaweza kukutafutia, na ukifika, kipeleke Jumapili ya kwanza, kabla hujamaliza hata kupanga vyombo.